Muhula mmoja, mwaka mzima au likizo tu? Kuchagua masomo ya nje wakati shahada yako imebana

Msichana mmoja wa uhandisi wa umeme alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ratiba ya miaka yake minne: mihula minane, kila muhula kozi tano au sita, hakuna tundu hata la kupitisha sindano. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika jina la nchi anayotamani kwenda. Akaniuliza, "Kaka, hapa nitapenyea wapi?"

Nilimwomba aiweke kando ile nchi kwanza. Wengi wetu tunaanza na nchi, tunahamia kwenye chuo, tunahangaikia ufadhili, na mwisho kabisa ndipo tunaufungua mpango wa masomo na kukuta umetufungia mlango. Mwenye shahada iliyojaa kozi za hiari anaweza kumudu mwendo huo. Lakini kwa anayesoma uhandisi, udaktari, uuguzi, famasia, usanifu majengo au sayansi za maabara, mambo ni kinyume: shahada ndiyo inayoamua uende lini na ukae muda gani, na nchi inafuata baadaye. Kwa jicho hilo nitalinganisha njia zilizopo. Sitazipa zote nafasi sawa, maana kwa mtu aliyebanwa hazina uzito sawa.

Chora mishale kwanza

Chukua karatasi kubwa, andika kozi zako zote za lazima, kisha chora mshale kutoka kila kozi tangulizi kwenda kwenye kozi inayoitegemea. Hisabati ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua nadharia ya saketi, saketi zinafungua mifumo ya udhibiti, na mifumo ya udhibiti inafungua mradi wa mwaka wa mwisho. Huo mnyororo ndio uti wa mgongo wa shahada yako. Kozi zisizofungua nyingine, kama lugha, mawasiliano, maadili ya taaluma, uchumi na zile za hiari, unaweza kuzihamisha huku na huku bila kuvunja kitu.

Sasa zungushia duara kila kozi inayofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Hizo ndizo zinazoumiza. Ukiikosa kozi ya mnyororo inayofundishwa muhula wa kwanza peke yake, utaisubiri miezi 12, na kila kilichofungamana nayo kitasubiri pia. Nimewaona watu wakiongeza mwaka mzima chuoni kwa sababu ya kozi moja ya saa tatu kwa wiki.

Ukimaliza, tafuta muhula wenye mishale michache. Kama una muhula usio na kozi yoyote ya mnyororo, au una moja tu, muhula mzima nje unawezekana. Zikiwa mbili, bado inawezekana, ila chuo unachokwenda lazima kiwe kinazifundisha kozi hizo hizo katika muhula huo huo. Zikifika tatu, mimi ningeachana na wazo la muhula na kutazama likizo au mafunzo kwa vitendo. Kufundishwa saketi kwa namna moja na kurudi kudaiwa uzijue kwa namna nyingine ni mzigo, na ukibeba mizigo mitatu ya aina hiyo kwa pamoja, hata raha ya kuwa nje hutaiona.

Jambo jingine la kujua mapema ni kipimo cha kazi. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, mwaka kamili wa masomo ni krediti 60, yaani 30 kwa muhula, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na kujisomea na mitihani. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida huwa na krediti 120, ambazo ni kama 15 kwa muhula. Ndiyo maana vyuo vingi hubadilisha ECTS mbili kuwa krediti moja ya Marekani. Mwanafunzi wa chuo cha Marekani anayesajili ECTS 20 Ulaya akidhani amejaza sahani, atarudi na krediti 10 na deni la krediti tano, alilipe katika muhula ambao tayari hauna pumzi. Usilinganishe idadi ya kozi. Linganisha sehemu ya mwaka: nusu ya mwaka huko iwe nusu ya mwaka kwako.

Muhula mmoja na likizo ndefu, bega kwa bega

Kwa walio wengi uamuzi uko hapa, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Tuanze na kile unachorudi nacho. Muhula wa miezi minne au mitano unakupa kozi nne au tano, na ukizipanga vizuri hauongezi hata siku moja kwenye shahada yako. Likizo ya wiki nne hadi nane inakupa kozi moja, mbili ukijikaza. Lakini hizo wiki nane hazigusi mnyororo wako kabisa, kwa kuwa chuo chako kimefungwa na hakuna kozi inayokupita. Muhula una faida kubwa na hatari kubwa. Likizo ina faida ndogo, na hatari yake ni karibu hakuna.

Upande wa lugha, tofauti ni kubwa kuliko hesabu ya wiki inavyoonyesha. Wiki ya tatu bado unatafuta maneno ya kuulizia ofisi ya msajili. Mwezi wa tatu ndipo unaanza kucheka utani darasani kabla hujatafsiriwa. Anayeondoka wiki ya sita anaondoka mlango ukianza kufunguka. Kama lugha ndiyo sababu yako ya kwanza ya kwenda, likizo itakuacha na kiu. Kama sababu yako ni kuona fani yako inavyofundishwa au kufanywa kwingine, wiki sita za kazi ya dhati zinaweza kutosha.

Upande wa pesa, watu hudhani likizo ni rahisi kwa vile ni fupi. Kwa jumla, ndiyo, unatoa kidogo. Kwa wiki moja moja, mara nyingi unatoa zaidi: nauli ni ile ile, malazi ya muda mfupi yana bei yake, na kozi za likizo kwa kawaida zina ada yake ya pekee nje ya ada uliyokwisha kulipa kwa mwaka. Muhula wa kubadilishana wanafunzi mara nyingi hukuacha ukilipa ada ya chuo chako mwenyewe, na chuo kinachokupokea hakikudai ada ya masomo. Ndivyo Erasmus, programu ya Ulaya iliyoanza mwaka 1987, inavyokwenda: mwanafunzi halipi ada ya masomo kule anakopokelewa, na hupewa ruzuku ya kumsaidia kuishi. Hilo ni tofauti kabisa na kujidahili mwenyewe kama mwanafunzi mgeni na kulipa ada kamili ya huko. Kwa hiyo ukiambiwa "muhula nje", uliza kwanza: ni wa kubadilishana au wa kujilipia? Majina ya matangazo yanafanana, bili hazifanani.

Likizo pia ina gharama isiyoonekana kwenye bili. Wanafunzi wengi wa fani ngumu hufanya kazi wakati huo, ama kutafuta ada au kupata mafunzo ya kampuni ambayo mwajiri atakuja kuyauliza. Ukitumia likizo ya mwaka wa tatu kusoma nje, umeacha kitu. Ukiitumia ile ya mwaka wa kwanza au wa pili, umeacha kidogo zaidi, maana kampuni nyingi huwatafuta walio karibu kumaliza. Hiyo ndiyo sababu huwa nasema likizo ya mapema, muhula wa katikati.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Muhula wa huko si lazima uangukie mahali muhula wako ulipo. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani, muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, mihadhara huendelea hadi Februari, na mitihani ya baadhi ya kozi huja baada ya hapo. Kama chuo chako kinafungua muhula wa pili Januari, huwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Lakini muhula wa kiangazi wa huko huo huo Ujerumani huanza Aprili na mihadhara yake huisha Julai. Kwa mtu ambaye mwaka wake mpya unaanza Agosti au Septemba, huo unaingia kama mkono kwenye glavu. Nchi ile ile, chuo kile kile. Muhula mmoja unakuharibia mwaka na mwingine unakukaa sawasawa.

Marekani muhula wa kwanza kwa kawaida huisha kabla ya Krismasi na wa pili hukimbia kuanzia Januari hadi Mei. Australia mwaka wa masomo huanza Februari au Machi, na muhula wa pili hushika Julai hadi Novemba. Uingereza kuna mtego wake: kozi uliyoisoma hadi Desemba inaweza kuwa na mtihani Januari, au hata Mei, na mgeni wa muhula mmoja hulazimika kuomba apimwe kwa insha au kazi nyingine kabla hajaondoka. Vyuo vingi hukubali, lakini kozi moja moja inaweza kukataa. Andika tarehe za kufungua, za mihadhara na za mitihani za pande zote mbili kwenye mstari mmoja wa karatasi. Ni kazi ya nusu saa, na nimeona ikifuta nchi nne kati ya sita kwenye orodha ya mtu.

Viza nayo hufuata urefu. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, kukaa kwa muda mfupi ni hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo kozi ya likizo huenea humo. Muhula hauenei, unahitaji viza ya taifa ya masomo au kibali cha kuishi, na hicho kinataka barua ya udahili, bima, na uthibitisho wa pesa za kujikimu. Anza miezi mingi kabla. Mwanafunzi wa fani ngumu ana wiki za mitihani ambazo hawezi kuzitoa kwa foleni ya ubalozi.

Upo pia uchochoro wa katikati ambao wengi hawaujui. Ndani ya Erasmus+, kama Erasmus inavyoitwa sasa, kuna programu fupi za mchanganyiko: siku 5 hadi 30 za kuwepo huko mwenyewe, pamoja na sehemu inayofanyika kwa intaneti, na jumla yake ni ECTS tatu au zaidi. Si muhula, wala usijidanganye kuwa ni muhula. Lakini kwa mwanafunzi ambaye ratiba yake haiachii hata wiki sita, siku 20 zinazohesabiwa kwenye matokeo ni afadhali kuliko kukaa akitamani hadi ahitimu.

Mwaka mzima

Hapa nitasema kwa ufupi na bila kuzunguka. Mwaka mzima nje ni mzuri sana pale shahada ilipojengwa kuuzunguka, na ni ghali sana pale ambapo haikujengwa hivyo.

Uingereza shahada nyingi za lugha ni za miaka minne na mwaka wa tatu hutumika nje. Umo ndani ya mpango tangu siku ya udahili. Kwenye uhandisi, Chuo Kikuu cha Rhode Island nchini Marekani kilianzisha mpango wa namna hii mwaka 1987 kwa Kijerumani: mwanafunzi anachukua shahada mbili, ya uhandisi na ya lugha, kwa miaka mitano, na ndani yake kuna mwaka wa nje unaogawanyika kati ya muhula wa masomo na miezi sita ya kazi kwenye kampuni. Wameiongeza miaka, hawajaificha. Mwanafunzi anajua tangu mwanzo kwamba ni mitano, na anatoka na lugha ya kufanyia kazi.

Kama chuo chako hakina kitu cha namna hiyo, kuupachika mwaka mzima ndani ya shahada yenye mnyororo mrefu ni kujiandikia mwaka wa ziada. Huenda unauweza na unautaka. Basi uandike kwenye bajeti kwa jina lake, pamoja na ada na mwaka mmoja wa mshahara utakaochelewa, kisha uulize tena kama bado unautaka.

Maabara, wodi na karakana

Njia hii haithaminiwi inavyostahili. Tumezoea kufikiri kwamba kusoma nje ni kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara wa watu wengine. Mwanafunzi wa fani ngumu anadaiwa pia vitu ambavyo si mihadhara: mafunzo kwa vitendo, mradi, utafiti, saa za wodini. Hivyo haviko kwenye mnyororo wa kozi kwa namna ile ile, na mara nyingi vimekwisha tengewa muda wake. Nafasi uliyokuwa unaitafuta huenda ipo tayari kwenye ratiba yako, imeandikwa jina jingine.

IAESTE, shirika la kimataifa, imekuwa ikibadilishana wanafunzi wa fani za ufundi na sayansi kwa ajili ya mafunzo kazini tangu mwaka 1948. Erasmus+ ina upande wa mafunzo kazini wa miezi miwili hadi 12. Shirika la Ujerumani la DAAD lina programu ya RISE, inayowapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland kwenye maabara za Ujerumani wakati wa kiangazi, chini ya mtafiti wa huko, na kwa fani nyingi huhitaji kujua Kijerumani kwanza. Worcester Polytechnic Institute, Marekani, imeukata mwaka wake wa masomo katika vipindi vya wiki saba, na mradi wa lazima ambao kwa kawaida hufanywa mwaka wa tatu, wanafunzi wengi huufanyia kwenye vituo vya chuo hicho nje ya nchi. Hapo mwanafunzi wa uhandisi haachi kitu: mradi aliokuwa anadaiwa ndio anaoufanya, ila yuko kwingine.

Wa udaktari hali yao inafanana. Miaka ya mwanzo imefungwa kama pingu, lakini vyuo vingi vina kipindi cha wiki kadhaa ambapo mwanafunzi huchagua mwenyewe hospitali ya kwenda kujifunza. IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, huendesha mabadilishano ya kliniki na ya utafiti ambayo kwa kawaida ni ya wiki nne. Kwa anayesoma udaktari kwa mkondo mmoja mrefu katika nchi za Erasmus+, muda wa nje unaoruhusiwa hufika miezi 24, wakati wengine huishia 12 kwa kila ngazi ya shahada. Anaweza kuugawa vipande vipande.

Wauguzi wanahitaji uangalifu zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, mafunzo ya muuguzi wa kawaida ni angalau saa 4,600, na angalau nusu yake lazima iwe kliniki. Kwingine namba hubadilika, lakini saa huhesabiwa kwa ukali ule ule. Kabla ya kwenda wodi ya ugenini, hakikisha kwa maandishi kwamba saa zile zitaingia kwenye daftari lako, nani atatia sahihi kila zamu, na kwa fomu ya nani. Vinginevyo utafanya kazi ya kweli kwa wagonjwa wa kweli, halafu urudi ukadaiwe saa zile zile upya.

Upungufu wa njia hii ni kwamba haipunguzi idadi ya kozi unazodaiwa, na upande wa marafiki na maisha ya chuo ni mwembamba. Unaweza kukaa wiki kumi ukiwa na watu watatu wa maabara tu. Kwa baadhi yetu hiyo ni neema. Kwa mwingine ni upweke, na ni heri ajijue mapema.

Muhuri kabla ya tiketi

Hili nitalieleza kwa kilichonipata mimi. Nilisoma uhandisi wa mitambo na nikaenda nje muhula mmoja. Kwenye mkataba wa masomo tuliandika kozi ya uhamisho wa joto, na mkuu wa idara akatia sahihi. Nilipofika, kozi ile ilikuwa imejaa. Palikuwa na nyingine yenye jina karibu lile lile, mwalimu mzuri, kitabu kile kile. Nikajisajili na kuendelea na maisha. Barua pepe ya kuomba kibali cha badiliko sikuituma, kwa kuwa niliona ni kitu kimoja.

Niliporudi, mkuu wa idara aliufungua muhtasari wa kozi mezani kwake, akaupitia mstari kwa mstari kwa ncha ya penseli hadi chini, akarudi juu, akaanza tena. Kisha akaisimamisha penseli. "Mwanangu, maabara yake iko wapi?" Haikuwepo. Kozi yetu ilikuwa na maabara kila wiki. Ile ya kule ilikuwa mihadhara mitupu. Niliirudia nzima mwaka uliofuata, na alama nzuri niliyoipata ugenini ikabaki kwenye nakala ya matokeo kama kozi ya hiari. Hakunionea. Alikuwa na bodi ya taaluma nyuma yake inayouliza swali lile lile.

Kwa hiyo unapolinganisha vyuo, usiridhike na majina ya kozi. Omba muhtasari wenye mada za wiki kwa wiki, saa za maabara, kitabu na namna ya kupimwa. Kila kozi unayotaka, tafutia mbadala mbili na zote zitiwe sahihi kabla hujaondoka. Ukibadilisha chochote ukiwa huko, andika siku hiyo hiyo na usubiri jibu la maandishi. Hifadhi kazi zako zote hadi matokeo yaingie.

Uliza pia alama zitaingiaje. Vyuo vingine huandika umefaulu au hukufaulu tu, na wastani wako haugusiki. Vingine hubadilisha alama na kuziingiza moja kwa moja. Kwa mwenye wastani anaoulinda kwa ajili ya ufadhili, jibu la swali hili peke yake linaweza kuamua kati ya muhula na likizo. Uliza kama kuna sharti kwamba krediti za mwisho zisomwe chuoni kwako. Vyuo vingi vinalo, ndiyo maana muhula wa mwisho kabisa ni mbaya kwa safari. Na anayetaka kuomba udaktari Marekani baada ya shahada ya kwanza ajue kwamba shule nyingi za huko hupendelea kozi za msingi za sayansi ziwe zimesomwa Marekani au Kanada. Huyo asiipeleke kemia nje. Apeleke historia, lugha, sosholojia.

Ningechaguaje

Kwa mwanafunzi wa uhandisi au sayansi aliye mwaka wa kwanza, ningesema muhula mmoja, kati ya muhula wa pili wa mwaka wa pili na muhula wa pili wa mwaka wa tatu, na aanze leo kuweka akiba ya kozi nyepesi. Hii akiba ndiyo siri yote. Kila mara unapojisajili na kujaza pengo kwa kozi ya jumla kwa sababu tu ipo, umekula mbegu. Acha nne kati ya hizo zisubiri. Utateseka mihula miwili ya kozi ngumu tupu, na hilo nisikufiche, lakini utakapokwenda utasoma vitu ambavyo chuo chochote duniani kinafundisha.

Aliye mwaka wa tatu na hajaacha akiba yoyote, ningemwelekeza kwenye mafunzo kazini au maabara ya kiangazi, kabla hata ya kozi za likizo. Anahitaji kitu cha kumwonyesha mwajiri, na njia hiyo inampa hicho pamoja na safari ya nje.

Wa udaktari na uuguzi ningewaambia wasipigane na miaka ya mwanzo. Wapange kipindi cha kliniki cha nje mwaka mmoja kabla, wakati wenzao bado hawajakifikiria, maana nafasi za hospitali huisha.

Na yule ambaye kila akichora mishale inabana, ambaye ana mdogo wake anayemlipia shule au kazi ya jioni asiyoweza kuiacha, aitazame shahada ya uzamili bila kujiona ameshindwa. Huko mnyororo umekwisha, programu nzima inasomwa nje, na ufadhili mara nyingi ni mnene zaidi. Zile za pamoja za Erasmus Mundus hupitisha mwanafunzi katika vyuo vya nchi mbili au zaidi, na anayepata ufadhili wake halipi ada. Nisichokubali ni kumwambia asubiri kabla hajachora. Nimewahi kumwambia mtu hivyo kwa haraka, na baadaye nikagundua muhula wake wa sita ulikuwa na kozi moja tu ya mnyororo.

Yule msichana wa karatasi iliyokunjwa tulikaa naye saa mbili. Tundu lilionekana kwenye muhula wa nne. Palikuwa na kozi tano, moja tu ikiwa na mshale, na hiyo ilikuwa inafundishwa mihula yote miwili, kwa hiyo angeweza kuichukua akirudi. Alivuta kozi mbili za jumla kutoka muhula wa tatu, akasukuma moja ngumu nyuma kujaza mahali pake, akahesabu krediti kwa vidole mara mbili. Kisha akageuza karatasi, akaandika upya ile nchi aliyokuwa ameiweka kando, na chini yake akaorodhesha nyingine tatu ambazo kalenda zake zinaingia. Ya kwake ya kwanza haikuingia. Ya tatu inaingia bila kusumbua, na sasa anasubiri muhuri wa idara.